Mpira Mmoja, Watu Wawili

Faini ya kuomba radhi ni shilingi elfu moja. Sheria hiyo haimo katika kitabu chochote cha gofu. Aliitunga nahodha wa timu, mama mmoja mstaafu wa benki ambaye wote humwita Mama Nahodha, hata wale waliomzidi umri, na aliisoma kwa sauti ndani ya Coaster kabla hatujafika Chalinze, nje kukiwa bado giza. Ukimwambia mwenzako "samahani" kwa sababu umepiga vibaya, unatumbukiza elfu moja katika kopo la kahawa lililokuwa miguuni pake. Ukisema "nisamehe ndugu yangu," elfu mbili, kwa kuwa umeongeza udugu.

Alikuwa na sababu. Kesho yake, Jumamosi, timu hii ya Dar es Salaam ilikuwa icheze na wenyeji wa Moshi kwa mtindo wa watu wawili kugawana mpira mmoja. Wewe unapiga, mwenzako anaendelea kutoka pale ulipouacha, kisha zamu inakurudia. Ukiupeleka mpira mchangani, si wewe utakayeshuka kuutoa. Kosa ni lako, vumbi la mwenzako. Na sisi Waswahili tulivyo, mtu akikwaruza ndoo ya jirani anaomba radhi mara nne. Mama Nahodha alisema ameshaona jozi nzuri zikifa kwa adabu: mmoja anaomba msamaha, mwingine anamwambia usijali, wanafika shimo la kumi wote wamechoka kufarijiana na hakuna anayepiga kitu.

Walikuwa kumi na wawili, wote wachezaji wa ridhaa, maana yake watu wanaotoa hela ili wacheze. Daktari wa watoto, fundi magari wa Gerezani, mhasibu, wakili, meja mstaafu, walimu wawili wa sekondari, muuza vipuri, na kadhalika. Mimi nilichukuliwa kuandika matokeo, kazi ambayo hupewa mtu asiyejua kucheza kwa kuwa hana sababu ya kupunguza hesabu. Mikoba ndiyo iliyokaa vizuri. Sheria inaruhusu fimbo 14 kwa kila mchezaji, na hakuna aliyebeba 13, basi viti vya nyuma vyote vilikuwa vyao na binadamu tukabanana mbele.

Nilikaa kati ya Daktari na Fundi, ambao walikuwa wamepangwa pamoja. Daktari ana handikapu ya 24, Fundi ana 6. Kwa asiyefuata gofu: handikapu ni hesabu ya mikwaju ambayo mchezaji anatarajiwa kuzidi kipimo cha kiwanja, na dhaifu hupunguziwa ili apambane na hodari kwa haki. Wawili hawa wakishindana wenyewe kwa wenyewe, Fundi anamwachia Daktari mikwaju 18, mmoja kwa kila shimo. Sijui mchezo mwingine unaokubali jambo hili kwa uso mkavu. Timu ya mtaani haianzi na mabao matatu mbele ya Simba.

Na handikapu ina jambo jingine inalofanya kimyakimya: inapanga vyeo upya. Mama mzazi wa Fundi hutibiwa katika hospitali anayofanya kazi Daktari. Huko Fundi husimama kwenye foleni na kusema "Shikamoo Dokta." Uwanjani nilimsikia akisema, "Dokta, hiyo fimbo rudisha. Lete namba saba. Usiangalie bendera, angalia mti." Daktari akarudisha, akaleta namba saba, akaangalia mti.

Barabara ya Moshi ni ndefu, zaidi ya kilomita 500, na nusu yake ni vijiji ambamo dereva lazima ashuke hadi 50 kwa saa. Segera tukanunua machungwa. Baada ya Korogwe mkonge ulijipanga kwa mistari, Usambara ikatusindikiza kulia, na ndani ya gari mjadala ukawa juu ya ukarimu. Mhasibu, ambaye kichwa chake ni ghala la mambo ya kale, alileta kisa cha mwaka 1969 pale Royal Birkdale, Uingereza, katika Kombe la Ryder. Jack Nicklaus wa Marekani alikuwa amemaliza shimo la mwisho. Tony Jacklin wa Uingereza alibakiwa na mkwaju mfupi wa kusawazisha. Nicklaus akamsamehe mkwaju ule, hakumtaka aupige. Mashindano yote yakaisha sare, 16 kwa 16, mara ya kwanza katika historia ya kombe hilo. Nahodha wa Marekani, Sam Snead, hakupendezwa hata kidogo.

"Na mimi nisingependezwa," alisema Mama Nahodha bila kugeuka. "Kesho mtu asimpe mtu kitu bila kuniuliza."

Meja akaingiza cha Jinja, Uganda, ambako mpira wako ukitumbukia katika unyayo wa kiboko unaruhusiwa kuutoa bila adhabu. Wakili akauliza: na kiboko mwenyewe akiwa bado amesimama hapo? Tukafika Same bila mtu kupata jibu.

Uwanja wa Moshi Club uko Shanty Town, mtaa wenye miti mikubwa na barabara tulivu juu ya mji. Una mashimo tisa, hivyo unazungukwa mara mbili kupata 18. Tulipofika jioni mlima Kilimanjaro ulikuwa umejifunika, kama kawaida yake mchana, na wageni wakaanza mazoezi bila kujua wamekipa mgongo kitu gani. Ilipokaribia saa kumi na mbili wingu likakatika kiunoni na Kibo, kilele chake, ikatokea juu kabisa, mahali ambapo macho hayakuwa yakitafuta. Mmoja wa walimu aliacha kupiga akabaki na fimbo hewani. Mita 5,895 si kitu cha kuambiwa.

Kwa makedi, yaani wabeba mikoba ya wachezaji, mlima ni kifaa cha kazi. Kedi aliyepewa kuwabebea Daktari na Fundi, mwanamume wa makamo mwenye maneno machache, aliwaeleza tangu shimo la kwanza: kwenye grini, ile nyasi fupi inayozunguka shimo, mpira hukimbia mbali na mlima. Hata jicho likikuonyesha mteremko unakwenda upande mwingine, wewe uliza mlima uko wapi. Daktari ni mtu wa ushahidi. Aliinama, akapima kwa fimbo, akaona mteremko unaingia kushoto, akapiga kulia. Mpira ukaenda kulia na ukaendelea kwenda kulia. Kedi hakusema neno. Alikwenda kurudisha bendera. Kuanzia shimo la tatu Daktari akawa anauliza kwanza.

Wapinzani wao walikuwa baba na binti. Baba ni mkulima wa kahawa aliyezeeka vizuri, binti ana duka la dawa mjini. Daktari alimwamkia mzee, mzee akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu sana Moshi. Leo tutakula hela yenu taratibu." Na walikula taratibu kweli, kwa mbinu ambayo ningeiita ya kinyama kama isingekuwa imefungwa kwa heshima. Katika mchezo wa shimo kwa shimo, mpinzani anaweza kukusamehe mkwaju mfupi wa mwisho. Anakwambia "okota," nawe unahesabiwa umeingiza. Mzee alisema "okota" kwenye shimo la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Alisema kwa upole wa babu anayegawa peremende. Shimo la saba Fundi alibaki na mkwaju wa urefu wa mkono, akamtazama mzee. Mzee alikuwa anatazama ndege. Fundi hakuwa ameingiza mpira hata mmoja wa aina hiyo tangu asubuhi. Mkono wake ulikuwa haujui lolote. Ukapita pembeni.

Niliona kopo la kahawa machoni mwa Fundi. Hakuomba radhi. Daktari naye hakufariji. Walitembea hadi shimo la nane kila mmoja upande wake wa njia, na nadhani hapo ndipo sheria ya Mama Nahodha ilipothibitika kuwa ya mtu mwenye akili, maana walipofika walikuwa wameshatulia na wakazungumzia upepo.

Lakini jambo nililolishangaa zaidi lilitokea kwenye nusu ya pili. Daktari aliuzungusha mpira kushoto, ukaingia majani marefu chini ya miti. Sheria ya sasa, tangu 2019, inatoa dakika tatu za kutafuta. Zamani zilikuwa tano. Mpira usipoonekana, jozi inaongezewa mkwaju na kurudi nyuma kupiga tena. Matokeo wakati huo yalikuwa sawa, na wenyeji walikuwa na mpira wao katikati ya njia, safi. Kwa akili yangu ya mpira wa miguu, wangekaa kivulini na kutazama saa.

Waliingia majanini wote wawili. Mzee alikuwa akifunua nyasi kwa ncha ya fimbo, binti amepandisha suruali hadi magotini, kedi wao na kedi wetu wamejipanga mstari kama watu wanaotafuta pete iliyodondoka. Ni binti aliyeuona. "Huu hapa," akasema, "upo pazuri, unapigika." Fundi akautoa, Daktari akausogeza, wakashinda shimo hilo kwa mkwaju mmoja. Nilimuuliza yule dada baadaye kwa nini alitafuta kwa bidii namna ile. Alinitazama kama niliyemuuliza kwa nini alifunga mlango. "Nilikuwa nimeuona ulipoangukia," akasema. "Ningewaacha wahangaike?"

Tangu hapo niliacha kutazama mipira nikawa natazama macho. Mchezaji wa gofu akishapiga, mara nyingi yeye mwenyewe hajui mpira umekwenda wapi. Kichwa kilikuwa chini, jua liko usoni, hasira imeshapanda. Wanaojua ni wenzake watatu. Kwa saa nne hivi kila mtu anamfuatilia mwenzake kwa umakini ambao hapewi nyumbani wala kazini: anaona ulipoangukia, anakumbuka ule mti, anakuelekeza. Meja aliniambia hajui watoto wa Mhasibu ni wangapi, ingawa wamecheza pamoja miaka mingi. Anajua kwamba Mhasibu akiwa na wasiwasi mpira wake huenda kulia. Sikubaliani na wanaosema urafiki wa namna hiyo ni mwepesi.

Una uzio wake, hata hivyo. Katika klabu nyingi za gofu nilizowahi kuingia, hapa kwetu na Kenya, kedi hutembea na mchezaji mashimo yote 18, humwambia ukweli ambao mkewe hamwambii, kisha njia zao huachana kwenye ngazi za baa. Mama Nahodha, ambaye hupenda kutunga sheria, ameweka nyingine: mlo wa Jumamosi huliwa mjini, mahali pa nyama choma, na makedi hualikwa. Walikuja. Palikuwa na mbuzi, ndizi za kuchoma na mtori kwa waliouliza. Makedi walikaa meza yao na wachezaji meza yao, hakuna aliyewapanga hivyo, na vicheko vya meza moja vilikuwa vikisubiri vya nyingine vipungue.

Aliyevuka ni mmoja tu, mdogo kuliko wote kwenye timu. Alianza gofu Dar akiwa kedi, kama walivyoanza wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa, akajifunza kupiga kwa fimbo za kuazima jioni wakubwa wakiwa wameondoka. Sasa ana kazi, ana kadi ya uanachama aliyolipiwa nusu na wanatimu, na ana handikapu ya 3. Aliichukua sahani yake akaenda kukaa na makedi, akakaa kwa muda mrefu. Walikuwa wakizungumza haraka na kwa mikono. Aliporudi Wakili alimtania, "Umeenda kutuuza?" Kijana akajibu, "Nimeenda kuuliza grini ya sita."

Hiyo grini ya sita ilizaa matunda siku iliyofuata. Matokeo ya Jumamosi yalikuwa mabaya, wenyeji 4, wageni 2. Ushindi wa Daktari na Fundi ulikuwa mmoja wa hiyo miwili. Jumapili ilikuwa mtu kwa mtu, mechi kumi na mbili. Daktari alipigwa mapema na binti wa duka la dawa, akabadilisha viatu akaenda kumtazama Fundi. Wakili alipoteza kwa kubishana. Meja, ambaye Moshi ilimpa mita za ziada kwa sababu hewa ya mji ulio zaidi ya mita 800 juu ya bahari ni nyepesi kuliko ya Dar, alipita kila grini kwa furaha na kushindwa. Kijana alicheza na mwenyeji hodari kuliko wote. Alimpunguzia mikwaju, akamaliza mechi mashimo matano kabla ya mwisho. Jumapili ikaisha 6 kwa 6, jumla wenyeji 10, wageni 8.

Mzee wa kahawa alikuja hadi mlangoni mwa Coaster kuaga. Akamshika mkono kila mtu, akamwambia Fundi asiache kufanyia mazoezi ile mikwaju mifupi, kisha akaanza kupatana na Mama Nahodha juu ya mechi ya marudiano: si wakati wa masika, si mwezi wa kuvuna, na safari hii Dar wawe wenyeji na walipe chakula. Wakakubaliana. Dereva alikuwa ameshawasha gari mzee alipogonga dirisha la kijana.

"Na huyu mje naye," akamwambia Mama Nahodha. "Lakini hiyo handikapu yake, mama, kwanza ikakaguliwe."