Gongo Lililomzidi Mtoto

Mzazi anunuapo sare ya mtoto huongeza kipimo kidogo, maana mtoto hukua upesi na fedha ni haba. Shauri hili ni jema katika nguo. Sisi tulilitumia katika mpira wa magongo, tukamdhulumu mtoto.

Mchezo huu si mgeni kwetu. Mwaka 1971 timu ya Kenya ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, huko Barcelona. Basi shule yetu ilipopewa magongo 18 yaliyokwisha kutumika, tulifurahi mno, tukayagawa bila kuyachagua. Karibu yote yalikuwa ya inchi 36 na nusu, yaani kama sentimita 93, kipimo cha mtu mzima. Tuliwaambia watoto, "Mtayafikia tu."

Alikuwako kijana mmoja wa darasa la tano, mfupi wa kimo, mwepesi kama paa. Gongo lake lilikaribia kumfika kifuani. Kila alipotaka kupiga, ncha ya mpini ilimchoma tumboni, naye hujinyosha, mpira ukampita. Sisi tukapaza sauti, "Inama, mvivu wewe!" Hakujibu neno. Baada ya majuma matatu tukamtoa katika timu. Alilirudisha gongo kwa mikono miwili, akaenda zake, wala siku ile hatukufikiri tena habari zake.

Jumamosi moja tulipita njia ya mtoni, tukawakuta watoto wakicheza kwa matawi ya mpera yaliyopinda na mpira wa matambara. Yeye alikuwa katikati yao, na mpira ulifuatana na tawi lake kana kwamba umefungwa kwa uzi. Tulisimama kitambo nyuma ya mti, tukiona haya. Kisha tukamwita, tukalisimamisha tawi lile kando ya mguu wake. Lilimfika penye mfupa wa nyonga. Tulipolipima lilikuwa inchi 32.

Kumbe ndicho kipimo wanachokifundisha wenye kuujua mchezo. Mchezaji asimame wima, amevaa viatu vya kuchezea; gongo lisimamishwe kando yake, kichwa chini, na mwisho wa mpini ufike penye nyonga. Wako wapendao kuzidisha inchi moja ili waufikie mpira ulio mbali, hasa walinzi. Si vibaya kwa mtu aliyekwisha kuijua kazi. Kwa mtoto anayejifunza, twaona heri lipungue kidogo kuliko kuzidi, ila likipungua mno atainama hata kiuno kimwume. Uzito nao utazamwe. Sheria yakataza kupita gramu 737, lakini mtoto hawezi kuchezea uzito huo. Na aliinue gongo kwa mkono wa kushoto peke yake, tuone kama kifundo kinatetemeka. Mzazi mmoja alituuliza gongo la mwenye shoto. Halipo, wote huchezea magongo ya namna moja, upande bapa ukiwa wa kushoto.

Wengine walitushauri tuyakate mipini kwa msumeno. Tulikata moja, kichwa kikalemea kama nyundo, watoto wakalikataa. Sasa mpishi wa shule hufukuzia mbuzi.

Baada ya mavuno tuliuza mahindi ya shamba la shule, tukanunua magongo manne mafupi. Lile la inchi 32 tulilipeleka wenyewe nyumbani kwa kijana yule, tukamwomba radhi mbele ya mama yake. Mama alitukaribisha chai, asiseme kitu. Kijana alilisimamisha gongo kando ya mguu wake, akalitazama, akalipima tena mguu wa pili.

"Mwalimu," akasema, "naweza kumpa mdogo wangu lile tawi?"

Tukamwita mdogo wake, tukampima. Lilimzidi kwa vidole vinne.