Kontena halikuulizwa kadi

Sisi wa kutoka Kongo tunaijua katikati ya Kampala kwa miguu. Tunaijua kwa kutembeza bitenge na hereni kutoka Nsambya hadi Luwum Street, jicho moja kwa mteja, lingine kwa askari wanaofukuza wachuuzi. Barabara ni mahali pa kupita mbio. Anayesimama anaulizwa.

Ndiyo maana Oktoba 2012 ilinishangaza. Shirika la sanaa la 32° East lilianzisha tamasha la KLA ART, kazi za wasanii zikawekwa katika kontena 12 za mizigo, zikasambazwa mjini. Hakuna tiketi, hakuna mlinzi wa kukuangalia viatu. Mama mmoja tuliyekuwa tukiuza naye akaniuliza, "Ile njo nini? Banauzisha nini mule ndani?"

"Abauzishe kitu, mama. Ni ya kuangalia tu."

Akatua beseni lake, akaangalia. Alikaa muda mrefu na hakuna aliyemwambia asogee.

Mimi nililitazama zaidi kontena lenyewe. Uganda haina bahari. Kontena kama lile linashuka Mombasa, linavuka mpaka na makaratasi yake, linapokelewa. Sisi tulivuka Bunagana na watoto mgongoni, na mpaka leo karatasi zetu zinasomwa mara mbili mbili.

Mwaka uleule, Uganda ikitimiza miaka 50 ya uhuru, jiji nalo lilianza tamasha lake, watu wakacheza katikati ya lami. Mwaka 2014 KLA ART ikarudi na boda boda 20 zilizogeuzwa kuwa sanaa, zikiwafuata watu mitaani.

Wanasema sanaa ya nje inafufua mji. Nakubali nusu. Katikati ya Kampala haijawahi kufa. Kina mama wenye mabeseni wanaiamsha kila alfajiri. Sanaa ilichotupa ni ruhusa ya kusimama, kwa siku chache. Tamasha likiisha, mbio zinaanza tena. Mji unaopendezwa na umati siku ya sherehe, kisha unaukimbiza umati uleule Jumatatu, bado una deni.

Kati yetu kuna mafundi cherehani, wachoraji, wapiga gitaa. Tamasha likija tena, tusiende kutazama tu. Tupeleke maombi mapema, na bitenge vyetu vitundikwe pale mjini, na jina la aliyevishona liandikwe chini yake.