Chupa ya Oili Nyekundu

Kila alfajiri mzee mmoja wa Kahawa Wendani alikuwa akitoka nyumbani kwake na chupa ya oili nyekundu mkononi. Bwana huyu alikuwa karani kwa miaka mingi, na alipostaafu alitia sehemu kubwa ya malipo yake katika lori kuukuu, lipate kuchukua mawe ya kujengea kutoka machimbo ya Ndarugo, karibu na Juja, mpaka Wendani na Ruiru, ambako nyumba za ghorofa zimeota mahali palipokuwa na mibuni. Lori lile ndilo lililolipa karo ya mjukuu wake, na mishahara ya dereva na taniboi.

Oili ile haikuwa ya injini bali ya usukani. Hapo kwanza chupa moja ilitosha juma zima. Baada ya miezi mitatu haikutosha siku mbili. Kama ilivyo desturi ya makarani, mzee aliandika kila chupa katika daftari. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, wala haikumfundisha kitu, kwa sababu aliandika oili iliyoingia, asiulize iliyotoka imekwenda wapi.

Asubuhi moja dereva aliuweka ufunguo juu ya meza.

"Mzee," akasema, "jana nikiacha Barabara ya Thika kuingia Wendani, usukani ulikuwa mgumu ghafula kama uliofungwa kamba. Mawe yalikuwa nyuma yangu, na watoto wa shule kando ya njia. Niliuvuta kwa mwili wote. Leo siendeshi."

Mzee alikasirika, akamwambia kwamba madereva ni wengi. Dereva akajibu kwa upole, "Ni kweli, Mzee, wapo. Lakini uwaeleze habari hii kabla hujawapa ufunguo."

Mzee hakuwa na la kujibu. Ilipofika adhuhuri, lori lilikuwa limekokotwa mpaka kwa fundi.

Neno usukani lilikuwa la mabaharia kabla ya kuwa la madereva, na kazi ya oili ni ile ile baharini na barabarani. Katika mashua nyingi za injini, nahodha azungushapo gurudumu husukuma oili katika mabomba membamba mpaka silinda iliyo tezini, nayo hugeuza chombo. Kanuni yake ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: msukumo utiwao katika kioevu kilichofungwa hufika kila upande bila kupungua. Lililo kubwa hapo ni neno "kilichofungwa". Oili ikivuja na hewa ikaingia, nahodha huzungusha gurudumu na mashua isimtii. Lori lina nafuu kidogo, kwa kuwa ndani yake mna vyuma viungavyo usukani na magurudumu. Oili ikiisha bado hugeuka, ila uzito wote huiangukia mikono ya dereva.

Fundi alifungua kikopo cha usukani, akachovya kidole, akanusa.

"Mzee, umetia nini humu?"

Mzee alitazama chini. Mtu mmoja alikuwa amemshauri atie oili ya breki, eti mipira ya sili ivimbe na kuziba. Ni kweli huvimba. Lakini sili zilizotengenezwa kwa oili ya usukani hazipatani na ile ya breki. Mpira uliovimba leo hulainika kesho kama mkate uliolowa chai. Dawa ile ilikuwa imeuzidisha ugonjwa.

Taniboi alionyesha chini ya boksi la usukani, palipolowa zaidi, akitaka pafunguliwe mara moja. Fundi hakushika spana. Aliomba brashi, dizeli na matambara, akaosha kila kitu tangu pampu hata boksi, akakausha. Ndipo injini ikawashwa, taniboi akazungusha usukani kulia na kushoto, naye fundi akamulika kwa tochi, akipitisha kipande cha boksi la karatasi kando ya mabomba. Mzee aliponyosha kidole apapase, fundi aliupiga mkono wake. Oili itokayo katika tundu dogo kwa presha kubwa hupenya ngozi. Jeraha huonekana kama mchomo wa mwiba, na mtu aweza kupoteza mkono.

Karatasi ililowa mbali na pale palipodhaniwa. Hozi ya presha ilikuwa imepasuka juu, karibu na kiungo chake, na oili ikitambaa chini ya hozi mpaka kwenye boksi. Sili ya chini nayo ilikuwa ikivuja, maana kutu ya shafti ilikuwa imeikata.

Hozi mpya na sili zilinunuliwa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, pamoja na wosha mpya za shaba. Fundi aliisugua shafti kwa msasa laini, kwa kuwa kutu ile ingeikata sili mpya pia. Oili chafu ilimwagwa yote, mabomba yakasafishwa. Magurudumu ya mbele yakainuliwa kwa jeki, usukani ukazungushwa polepole injini ikiwa imezimwa, mpaka mapovu yakakoma katika kikopo.

Usiku ule mzee alijumlisha ile safu ya chupa katika daftari. Ilizidi bei ya hozi. Asubuhi alimpelekea dereva ufunguo kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Shika, mwanangu."

Dereva hakupanda. Alilala chini kwanza, akachungulia kwa muda mrefu. Mzee alikuwa ametandika boksi la karatasi chini ya lori usiku kucha, na juu yake palikuwa na doa moja. Dereva aliligusa, akanusa.

"Ni umande," akasema, akapanda.