Bwawa Halijengwi kwa Ukingo Mmoja

Kwa muda wa miaka sita sikumsalimia ndugu yangu mkubwa. Alikuwa amewauzia wenye malori mchanga wa kijito kinachotenganisha mashamba yetu kule Makueni, bila kuniuliza. Mchanga ulipokwisha, visima tulivyokuwa tukichimba mtoni vilikauka, na mama akawa anafuata maji mwendo wa saa mbili. Nikamshtaki kwa chifu. Tangu siku hiyo, tukikutana kanisani, kila mmoja hutazama kando.

Mwaka jana kazi ilinifikisha Kitui, kuandika habari za mabwawa ya mchanga. Msomaji ambaye hajayaona asidhani ni ziwa. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa juu ya mwamba, kukingama mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani yake, jua lisiyafikie. Mawe hubebwa na mwethya, kile kikundi cha kusaidiana ambacho sisi Wakamba tumerithi kwa mababu.

Nikaelezwa kwamba miongoni mwa waliosaidia kazi hiyo Ukambani ni MCC, shirika la Wamennonite lililoundwa mwaka 1920 ili kuwalisha wenye njaa katika nchi ambayo leo ni Ukraine. Mimi nimelelewa katika AIC, na watu hao sikuwajua. Nikaanza kupekua vitabu.

Kumbe ni wa ukoo wa Waanabaptisti, walioanza Zurich, Uswisi, Januari 1525, kwa kubatizana wakiwa watu wazima. Kwao, kumwamini Yesu pasipo kuishi kama yeye ni maneno matupu. Walikataa upanga, nao wakauawa kwa upanga, maji na moto. Mwaka 1569, huko Uholanzi, Dirk Willems alikuwa akitoroka juu ya barafu. Mlinzi aliyemkimbiza akatumbukia. Dirk akarudi, akamwopoa adui yake. Alikamatwa papo hapo, kisha akachomwa moto.

Kisa hicho kiliniudhi. Mtu amwokoe adui, halafu achomwe? Faida i wapi?

Majuma machache baadaye, mwethya wa nyumbani uliamua kujenga bwawa katika kijito chetu. Mwenyekiti hakuzunguka. "Ukuta una kingo mbili," akaniambia. "Nduguyo asipokubali, hatuweki hata jiwe."

Nilikuwa na haki, tena na mashahidi. Lakini haki yangu haikuwa imemletea mama hata mtungi mmoja wa maji.

Jumamosi moja nikavuka kijito. Miguu ilikuwa mizito kama ya mtu anayekwenda kufungwa. Mke wake ndiye aliyenipokea: "Karibu, shemeji." Ndugu yangu alikuwa akikarabati zizi, wala hakuinua kichwa. Nikamwambia kwamba nilikosea kumpeleka kwa chifu kabla sijamjia yeye mwenyewe, kama Yesu alivyoagiza.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mchanga ule ulilipa karo ya watoto."

Sikulijua hilo. Wala sikuwahi kuuliza.

Hakuniomba radhi, hata kwa maji ambayo mama aliyakosa, nami sitasema kuwa halikuniuma. Lakini alitia sahihi. Jumatatu alikuja mtoni na toroli lake, akaanza kubeba mawe kutoka upande wake nami wangu. Hatukuzungumza mengi. Mawe yale yalikuwa mazito kwa wote wawili.

Leo ukuta umefika kiunoni. Itachukua misimu kadhaa ya mvua kabla mchanga kujaa, na mama bado anafuata maji mbali. Sisi nasi tunasalimiana. Utani wa zamani haujarudi. Lakini sasa najua kwamba Dirk hakuhesabu faida aliporudi. Alimfuata tu yule aliyesema anamfuata.

Nawe msomaji, ikiwa yupo usiyemsalimia ibadani Jumapili hii, usingoje yeye avuke kwanza.