Kijiko kisicho na minara

Rafiki yangu wa chuo aliyeolea Denmark aliniomba programu ya kutambua vijiko vya kale vya fedha. Kanuni yangu ya kwanza: pasipo minara mitatu, ni bandia. Mjinga mimi! Minara hiyo ni muhuri wa Copenhagen, tangu 1608. Masonara wa mikoani mara nyingi waligonga herufi za majina yao tu, pengine mara mbili au tatu. Kijiko cha nyanyake mkewe kilikuwa hivyo, programu ikakikataa, nusura kitupwe. Sasa inasoma herufi na kuzitafuta katika orodha niliyonakili kwenye kitabu cha Jacob Boje cha 1946. Herufi zikifanana miji miwili, inawataja masonara wote, mtu aamue.