Kitundu cha Kurudishia Mafuta

Pikipiki yangu ni ya mwaka 1978, na breki yake ya mbele ni ya diski inayosukumwa kwa mafuta. Breki za namna hiyo zilianza kuenea katika pikipiki baada ya Honda kuitoa CB750 mwaka 1969. Mkono wake ukibonyea kama sifongo, aghalabu kuna upepo ndani ya mafuta. Hilo wengi hulijua. Lakini gurudumu likigoma kuachia, sababu huwa imejificha zaidi, nayo ndiyo iliyoniletea aibu ninayotaka kuisimulia.

Siku moja nilikuwa nikiteremka kutoka Soni kwenda Mombo. Kila kona niliposhika breki, mkono ulizidi kuwa mgumu na gurudumu likawa zito. Mwishowe likakwama, nikanusurika kutumbukia korongoni. Nilikaa kando ya barabara mpaka diski ikapoa, na gurudumu likazunguka tena kana kwamba hapakuwa na lolote.

Wiki iliyotangulia, fundi wa mtaani kwetu alikuwa amebadilisha sili za kalipa. Nilimwendea nikamkaripia mbele ya wateja wake, kama nilivyozoea kuwakaripia wanachuo nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Alisema tu, "Mwalimu, tuipime kwanza." Sikumsikiliza.

Nyumbani niliamua kuipima mwenyewe. Nilishika na kuachia breki mara nyingi mpaka gurudumu likakaza. Nikatandaza kitambaa, maana mafuta ya breki hula rangi, kisha nikalegeza kidogo skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta yakaruka, gurudumu likawa huru. Kumbe pistoni za kalipa hazikuwa zimekwama. Nikafunga, nikatoa upepo, nikaikaza breki tena. Safari hii nikalegeza bolti ya mpira kule juu, kwenye masta silinda. Gurudumu likaachia vilevile. Basi mpira nao haukuwa umeziba. Palibaki mahali pamoja tu: masta silinda, ambayo niliifungua na kuisafisha mimi mwenyewe.

Chini ya kikombe cha mafuta mna vitundu viwili. Kile kidogo, chembamba kama ncha ya sindano, hurudisha mafuta mkono unapoachiwa. Kikiziba, mafuta yanayopata moto hutanuka na kukosa pa kwenda, nayo breki hujikaza yenyewe. Nilikuwa nimesafisha kile kikubwa kinachoonekana; kile kidogo nikakiacha na ukoko wake wa miaka mingi. Uzi mmoja wa waya mwembamba ulitosha kukizibua.

Kwa miaka mingi niliwafundisha walimu wasitie alama ya kosa kabla ya kusoma njia aliyopita mwanafunzi. Fundi aliniomba hilohilo, nami nikamnyima.

Kesho yake nilirudi kwake. Wateja walikuwapo, nami sikungoja waondoke.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Fundi. Nimekuja kukuomba radhi."

Akafuta mikono yake kwa tambara, akaniuliza nilianzia wapi kupima.

"Nilianzia chini," nikamjibu, "kwenye kazi yako. Kosa nikalikuta juu, kwenye yangu."