Miguu ya Mbele ya Pikipiki Kongwe

Askari aliyepanda pikipiki kabla ya mwaka 1935 aliujua ubaya wa barabara kwa mabega yake. Uma wa mbele wa siku hizo ulikuwa fremu ya vyuma yenye springi, na kila shimo lilipanda moja kwa moja hadi mikononi. Mwaka huo BMW ya Ujerumani ilitoa R12, pikipiki ya kwanza kuundwa kwa wingi ikiwa na shokapu za mbele za mabomba yanayoingiana, ambamo mafuta huzuia springi isiruke ovyo. Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, jeshi la Uingereza nalo likapokea Matchless G3/L yenye shokapu za namna hiyo, na matarishi waliobeba barua za kijeshi wakaipenda mno.

Vita vilipokwisha, nyingi ziliuzwa kwa raia, na baadhi zingali zikitembea huko Uingereza. Chukua mfano wa mstaafu aliyeirithi mojawapo kutoka kwa marehemu baba yake, aliyekuwa tarishi. Injini inanguruma vizuri, lakini miguu ya mbele inavuja. Mafuta yanateremka hadi kwenye gurudumu, na hapo ndipo penye hatari, kwa maana breki iliyolowa mafuta haishiki.

Mafundi wengi wa haraka hubadilisha sili tu, wakapokea fedha yao. Baada ya majuma machache uvujaji hurudi, na sili hulaumiwa bure. Mkosaji aghalabu ni bomba. Kutu ikishalitoboa vitundu pale sili inapopita, kila mbonyeo wa shokapu huukwangua mpira kama tupa. Basi mstaafu huyo, baada ya kuitegemeza pikipiki imara, kumwaga mafuta na kulegeza springi kwa uangalifu (springi iliyobanwa haina huruma na macho ya mtu), huyafuta mabomba na kuyapapasa kwa ukucha. Kisha huyaviringisha juu ya kioo bapa. Moja linatulia, la pili linachezacheza, ishara kwamba limepinda. Yote mawili yana vitundu.

Hapo kazi ya spana inageuka kuwa shauri la nyumbani. Mabomba hayo ndiyo yaliyombeba baba yake, naye angependa yabaki. Anafikiri msasa laini na grisi vitatosha. Mkewe, ambaye huketi nyuma yake kila Jumapili, hapandishi sauti. Anasema tu kwamba kumbukumbu ya mkwewe anaiheshimu, lakini hataketi juu yake ikiwa imepinda. Ni vigumu kumpinga mama huyo. Msasa huondoa kutu ya juujuu. Hauzibi kitundu wala haunyooshi chuma.

Mabomba mapya yakanunuliwa, pamoja na bushi, maana za zamani zilikwisha kulegea. Sili mpya zilipakwa mafuta kwanza, zikasukumwa taratibu kwa kipande cha bomba chenye upana wake, si kwa ncha ya bisibisi. Mafuta yalipimwa kwa chombo chenye alama, kila mguu kiasi kile kile kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki hiyo. Kukaza nako kuna utaratibu wake: bolti za ekseli hulegezwa kidogo, uma hubonyezwa mara kadhaa ili miguu ijipange yenyewe, ndipo hukazwa. Anayekaza kabla ya kubonyeza huifunga miguu ikiwa imekabana, halafu hushangaa shokapu kuwa nzito. Breki nayo ilifunguliwa, viatu vilivyolowa vikatupwa.

Mabomba ya zamani yalifungwa kitambaa, yakawekwa kabatini pamoja na nishani za marehemu. Baada ya Jumapili ya tatu barabarani, mama alipitisha kidole chini ya sili zote mbili, na kidole kikatoka kikavu.